Waya zimejaa kejani? Hivi ndivyo utazificha bila kuchoma ploti

Unajua ile siku umehamia keja mpya na unaposti picha. Sofa iko fiti, kapeti ya manyoya iko fiti, tivi ya inchi 32 imekaa ukutani kama ya hoteli. Halafu msee wa kwanza kukomenti anauliza, "Na hiyo minyoo inaning'inia hapo chini ni ya nini?"

Waya, buda. Ya tivi, ya dikoda, ya wufa, ya rauta, na chaja tatu, zote zinakimbilia soketi moja kama watu wanaogombania matatu ya mwisho usiku.

Kama unaishi kati ya Ruiru na Thika, hii shida si yako peke yako. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 Thika, na tangu superhighway ifunguliwe 2012 ploti zimemea kila kona, kuanzia Kimbo na Kihunguro hadi Makongeni na Ngoingwa. Nyingi ni bedsita, na bedsita nyingi utapata soketi moja ya matundu mawili, labda na nyingine karibu na sinki. Aliyechora hiyo nyumba alidhani utakuja na redio na pasi. Hakuwaza laptopu, simu mbili, friji, blenda na mashine ya kunyoa. Na kinaya ni kwamba mto Ruiru ndio uliwapa watu wa Nairobi stima ya maji zaidi ya miaka 100 iliyopita, halafu sisi tunaoishi kando ya huo mto tunang'ang'ania tundu moja.

Kwa hivyo ukiona waya nyingi, jua shida ya kwanza ni soketi chache. Kuzificha ndio ile kazi rahisi. Kazi ngumu ni kuhakikisha hapo penye umezificha hapashiki moto.

Kapeti ilinifunza

Nilikuwa naishi Kihunguro, ghorofa ya tatu, na nilijiona mjanja. Soketi ilikuwa upande wa mlango na meza yangu upande wa dirisha, so nikachukua ekstensheni, nikaipitisha chini ya kapeti, na keja ikakaa safi kabisa. Wiki kadhaa hivi hakuna noma. Jumapili moja nikapiga pasi nguo za wiki nzima kupitia hiyo hiyo ekstensheni, na birika la chai likiwa limechomekwa pembeni. Nikaskia harufu kama ya plastiki na samaki. Nikadhani ni jirani anapika.

Nilipoinua kapeti, ganda la waya lilikuwa laini kama bazoka, na kapeti yenyewe ilikuwa na mstari wa kahawia ulionyooka kama rula. Ningekuwa nimetoka kwenda dukani na kuacha pasi imewaka, ploti nzima ingeamka. Ile ploti ilikuwa na milango kama 40, ngazi moja, na dirisha zote zina grili.

Sasa elewa nini kilifanyika, juu ndio msingi wa kila kitu nitakuambia. Waya ikipitisha stima inapata joto. Ikiwa wazi, joto linatoka hewani. Ukiifunika na kapeti, godoro ama rundo la nguo, joto linabaki ndani na linaendelea kupanda. Ongeza ukanyagaji wa kila siku, nyuzi za shaba ndani zinakatika moja moja, na pale zilipobaki chache ndipo panachemka. Usipitishe waya ya stima chini ya kapeti. Hata "kidogo tu" hapana. Hata kwa mlango hapana.

Hesabu ya dakika mbili

Kabla ununue chochote, chukua simu ufanye hesabu. Stima yetu Kenya ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha 13 kwa 240, unapata wati 3,120. Hiyo ndiyo mwisho wa ekstensheni nzima, hata kama ina matundu sita na taa za rangi. Matundu hayaongezi stima, yanaongeza tu tamaa.

Angalia kibandiko chini ya kila kifaa. Birika la stima mara nyingi ni wati 1,500 hadi 2,200. Pasi ni 1,000 kwenda juu. Birika la 2,000 na pasi ya 1,200 pamoja ni 3,200, ushapita. Na usitegemee fyuzi itakuokoa papo hapo, juu ukipita kidogo inaweza kuvumilia muda mrefu huku waya ikiiva polepole.

Upande mwingine, tivi ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, rauta kama 10, chaja ya laptopu mara nyingi 65. Hizo zote pamoja hazifiki hata robo ya pasi moja. Ndio maana kanuni yangu ni fupi: vitu vya burudani na chaja vinaweza kuishi kwa ekstensheni moja, iliyofichwa vizuri. Kitu chochote kinachotengeneza joto, yaani birika, pasi, hita, ile koili ya kuchemsha maji ya kuoga, kinaenda soketi ya ukutani, kimoja kwa wakati, na kinatolewa ukimaliza. Hizo usizifiche.

Halafu soma maandishi kwenye ngozi ya ekstensheni yako. Kuna namba kama 0.75, 1.0 ama 1.5, hiyo ni unene wa shaba ndani kwa milimita mraba. Ya 0.75 imeundiwa ampea 6 hivi, yaani karibu wati 1,440. Yangu ya Kihunguro ilikuwa hiyo. Chukua ya 1.5. Na ikiwa ngozi haina maandishi yoyote, wachana nayo hata muuzaji akikuapia na mamake. Bidhaa ikiwa na alama ya KEBS, unaweza kuihakiki kwa kutuma SM# pamoja na namba ya kibali kwa 20023.

Sasa tufiche

Anza kwa kuzima kila kitu na kuchomoa waya zote. Zote. Zipanguse, zitandaze kwa kitanda, na utashangaa kupata chaja ya simu uliyoibiwa 2019. Zile hazina kazi, toa. Zilizobaki, bandika kipande cha plasta karibu na plagi na uandike: tivi, rauta, wufa. Utanishukuru siku utataka kuzima rauta bila kuzima mechi.

Kisha panga fanicha kabla ya kupanga waya. Watu wengi wanafanya kinyume. Ukisogeza meza ya tivi karibu na soketi, ushamaliza nusu ya kazi na hujatumia hata mbao. Mimi nilipohamia Makongeni, kitu cha kwanza nilitafuta ni soketi iko wapi, dirisha baadaye.

Ekstensheni yenyewe isilale sakafuni. Sakafu ya bedsita inapigwa deki, maji yanafika, panya nao hawakosi. Geuza ekstensheni uangalie mgongo, nyingi zina vitundu viwili vya kuning'inizia kwa skrubu. Weka karatasi juu yake, chora vile vitundu na kalamu, kisha hamisha hiyo karatasi nyuma ya meza ya tivi. Piga skrubu mbili hapo, ning'iniza. Sasa waya zote zinaishia nyuma ya meza, na ile inayoenda ukutani ni moja tu.

Acha nafasi ya kiganja kati ya meza na ukuta ili hewa ipite. Kuna hizi video za TikTok za kuweka ekstensheni ndani ya boksi la viatu lililofunikwa kwa karatasi ya maua. Inakaa poa kwa picha, lakini karatasi ni karatasi. Kama lazima uweke kwa kitu, tumia kikapu cha waya ama cha plastiki chenye matundu, na kisifunikwe.

Urefu uliobaki ndio unaleta ile minyoo. Kunja waya kwa mizunguko mikubwa, kama ya sahani, na uifunge kwa ulegevu. Ukiizungusha kama uzi wa kushonea na kuikaza, umetengeneza hita ndogo. Ndio maana ile ekstensheni ya gurudumu inatakiwa kufunguliwa yote kabla ya kuitumia kwa mzigo mkubwa. Na usikunje pale waya inaingia kwa plagi, hapo ndipo inakatikia.

Ukuta na depositi

Kwa ile waya inayopanda hadi tivi ya ukutani, nunua trankingi, zile mrija bapa nyeupe za plastiki zenye kifuniko kinachobonyezwa. Ziko hadiwea yoyote, Thika mjini ama Ruiru. Pima umbali na kamba kabla ya kwenda, na uongeze kidogo kwa kona. Usijaze hadi kifuniko kikatae kufunga, acha kama nusu iwe wazi.

Ya kujibandika yenyewe haihitaji kutoboa ukuta, na hapo ndipo depositi yako inapumua. Panguza ukuta kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke kabisa, bandika, kisha bonyeza kwa muda. Ukuta wa rangi ya maji yenye vumbi haushiki gundi, na joto la Thika litaiangusha mchana wa tatu. Hapo ongea na keateka kabla ya kupiga misumari. Mpigie picha ukuta ulivyokuwa, na makubaliano yawe kwa meseji. Wakati wa kuhama, pasha trankingi kwa blo-drai polepole ndio gundi iachie bila kubeba rangi.

Na kabla ya kutoboa popote, cheki soketi na swichi ziko wapi. Waya za ndani ya ukuta kwa kawaida zinapanda ama kushuka wima, au kwenda kando, kutoka hapo. Usitoboe kwenye huo mstari.

Waya ya intaneti iko na sheria zake. Ile nyembamba ya faiba ina kioo ndani. Ukiikunja kama kona ya karatasi, net inapotea na utalaumu kampuni bure. Iache izunguke taratibu, usiipigilie msumari, na usiichanganye na waya za stima kwa trankingi moja. Rauta nayo usiifungie kwa kabati, weka juu na wazi.

Ile tabia ya kalamu

Tuseme ukweli. Una chaja ya miguu miwili, soketi yetu inataka mitatu, so unachukua kalamu unaitumbukiza kwa tundu la juu ndio yale ya chini yafunguke. Sote tumefanya. Lile tundu la juu ni la ardhi, na mguu wake ni mrefu makusudi ili ufungue vifuniko vya mengine. Ukitumia kalamu, chaja inakaa kwa kulegea, inacheza, inatoa cheche. Na hizo cheche ukizificha nyuma ya sofa huzioni. Nunua adapta ya miguu mitatu. Na usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni, juu mzigo wote unarudi kwa plagi ile ya kwanza.

Soketi ikiwa imekauka rangi ya kahawia, ina joto ukiigusa, ama inalia tss, hapo hakuna kuficha. Zima kwenye breka, mwambie keateka. Kuongeza soketi ama kupitisha waya ndani ya ukuta ni kazi ya fundi aliye na leseni ya EPRA, na ni haki yako kumuomba akuonyeshe. Landilodi akisema atamtuma kijana wake, uliza hiyo leseni tena.

Moto ukianza, breka kwanza kama unaifikia salama. Usimwage maji kwa kitu ambacho bado kina stima. Toka, gonga milango ya majirani, piga 999 ama 112.

Na mara moja kwa mwezi, ukiwa umetumia tivi na laptopu kama masaa mawili, pitisha mkono nyuma ya meza. Gusa ekstensheni, gusa plagi. Vuguvugu kidogo ni sawa. Ikikufanya utoe mkono haraka, chomoa.