CD za Bure, Memori Kadi na Majina Yaliyopotea Njiani

Haya wasomaji wangu, leo tuweke kando kidogo mambo ya kuandika programu. Nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho watu wa rika langu wanakikumbuka na vijana wengi hawajawahi kukishika: CD za bure zilizokuwa zikibandikwa kwenye jalada la majarida ya muziki. Unanunua jarida, ndani unakuta nyimbo kumi na tano hivi za wanamuziki usiowajua, zimechaguliwa na watu ambao kazi yao ni kusikiliza. Mimi naziita CD za vionjo. Unaonja kijiko kimoja, ukipenda unakwenda dukani kununua chungu kizima.

Najua kuna atakayeniuliza: wewe ni mtu wa Macalder, huko Nyatike, kaunti ya Migori. Nani Macalder aliwahi kununua jarida la muziki la Uingereza? Jibu ni kwamba mimi sijui hata mmoja. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na CD zile ilifanyika kwetu pia, kwa njia nyingine, na ilipokufa tulipata hasara kubwa kuliko Waingereza. Hasara yenyewe si ile ambayo watu wengi hudhani. CD haikuwa na neno. Kilichopotea ni karatasi iliyokuja nayo.

Tuanze mbali kidogo. Wazo la kufunga muziki pamoja na jarida ni la zamani kuliko CD. Katika Umoja wa Kisovieti, jarida la Krugozor lilianza mwaka 1964 likiwa na santuri nyembamba za plastiki zilizoshonwa pamoja na kurasa. Kule Uingereza, mwaka 1981, gazeti la muziki la NME lilishirikiana na kampuni ya Rough Trade kutoa kaseti iitwayo C81. Wasomaji walikata kuponi, wakazituma pamoja na pesa kidogo, wakaletewa kaseti kwa posta. Miaka ya 1990 ilipofika, kuzalisha CD kulikuwa kumeshuka bei na mambo yakapamba moto. BBC Music Magazine lilianza mwaka 1992 likiwa na CD jaladani. Huko Marekani, CMJ New Music Monthly liliwaletea wasomaji CD ya bendi mpya pamoja na kila toleo.

Kila upande ulifaidika. Kampuni ya muziki ilipata tangazo, jarida liliuza nakala, msomaji alipata nyimbo. Tena ndani ya jarida kulikuwa na maelezo: huyu ni nani, gitaa limepigwa na nani, wimbo umetoka kwenye albamu gani, nayo inauzwa na kampuni gani. Yaani ukipenda wimbo, ulijua pa kwenda na ulijua pesa zako zitamfikia nani.

Kisha mambo yakaharibika. Tarehe 15 Julai 2007, gazeti la Mail on Sunday la Uingereza liligawa bure albamu nzima mpya ya Prince, Planet Earth, karibu nakala milioni 3. Tawi la Uingereza la Sony BMG likakataa kuisambaza albamu hiyo madukani. Wenye maduka ya muziki walikasirika, na ukifikiria utawaelewa: kijiko cha kuonjea kilikuwa kimegeuka chungu kizima, sasa nani tena atanunua? Wakati huo YouTube ilikuwa na miaka miwili tu. Spotify ikafuata mwaka 2008, na mwaka huohuo Apple ikatoa MacBook Air, kompyuta ya mkononi isiyo na mahali pa kuingiza CD. Majarida yenyewe yalianza kuanguka. NME liliacha kuchapisha toleo la karatasi mwaka 2018, na Q likafungwa mwaka 2020. Yapo yaliyoendelea kubandika CD, lakini msomaji mwenye mashine ya kuipigia akawa wa kutafutwa kwa tochi.

Sasa turudi nyumbani. Macalder ni kituo kilichokuzwa na mgodi wa shaba na dhahabu, na mgodi huo mkubwa ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo wanaendelea hadi leo. Penye dhahabu pana pesa za mkononi, na penye pesa za mkononi pana muziki. Hapo zamani muziki ulitufikia kwa redio na kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mara nyingi wimbo mmoja wa benga uligawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Hatukuwa mbali na chemchemi yenyewe: D.O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006, alizaliwa upande wa Shirati nchini Tanzania, kusini tu ya mpaka wetu.

Santuri zile hazikuwa na jarida, lakini zilikuwa na karatasi yao: ile ya duara iliyobandikwa katikati. Jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, jina la kampuni. Karatasi ndogo kuliko kiganja! Lakini tazama nguvu yake. Mtayarishaji na mfanyabiashara Oluoch Kanindo, ambaye pia aliwahi kuwa mbunge, alizisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe watu waliusikia muziki huo, wakasoma jina lililokuwa kwenye karatasi, na muziki wenyewe wakauita kanindo. Hebu fikiria. Jina la mtu wa huku kwetu likawa jina la mtindo mzima wa muziki, maelfu ya kilomita kutoka Nyanza, kwa sababu tu lilichapishwa mahali ambapo msikilizaji angeliona.

Kaseti zilipokuja, wizi wa kazi za wasanii uliongezeka sana. Hata hivyo kaseti ya bandia nayo ilikuwa na jalada la fotokopi, na kama halikuwepo, mtu aliandika kwa kalamu ya bluu "Misiani" au "Okatch Biggy". Jina lilikuwa bado linasafiri na muziki.

Ndipo ikaja CD, na hapa naomba ndugu zangu wa kompyuta mnisikilize vizuri. CD ya muziki ya kawaida haina majina ya nyimbo ndani yake. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali linalosema kuna nyimbo ngapi na kila wimbo unaanzia wapi, basi. Nyongeza ya kuweka majina, CD-Text, ilikuja mwaka 1996, nayo CD nyingi hazikuitumia. Waliobuni CD hawakuona tatizo, kwani majina si yako kwenye karatasi ya jalada?

Mbona basi kompyuta za Ulaya zilionyesha majina? Kwa sababu ya CDDB, hifadhidata iliyoanzishwa miaka ya 1990. Programu ilihesabu nyimbo na urefu wake, ikatengeneza namba ya utambulisho wa diski, ikaiuliza seva kupitia intaneti: diski yenye umbo hili ni ipi? Majina yenyewe yaliandikwa na watumiaji wa kawaida, waliokaa na jalada la CD mkononi wakaandika kwa kujitolea. Baadaye hifadhidata hiyo ikawa mali ya kampuni, iliyojiita Gracenote, na watu waliokasirishwa na jambo hilo wakaanzisha MusicBrainz, ambayo mpaka leo iko wazi kwa kila mtu.

Sasa chukua CD ya benga, iingize kwenye kompyuta ya kibanda kisicho na intaneti. Nyaya za kwanza za baharini, SEACOM na TEAMS, zilianza kuhudumia Kenya mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kubembeleza. Na hata ungekuwa na intaneti, nani alikuwa ameijaza CDDB habari za benga? Kwa hiyo programu ilinakili nyimbo na kuzipa majina iliyoyaweza: Track 01, Track 02, Track 03, msanii hajulikani. Karatasi ya jalada ikabaki kwenye meza, kisha ikabaki kwenye takataka.

Kuanzia hapo kila nakala ilizaa nakala isiyo na jina. CD moja ya megabaiti 700 hubeba dakika 80 za muziki wa kawaida. Ukizigeuza nyimbo kuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, inabeba zaidi ya saa 12, kama nyimbo 150 za dakika tano tano. Memori kadi ya gigabaiti 2 inabeba zaidi ya 400. Kijana mwenye kompyuta kwenye kibanda cha simu au kinyozi akawa ndiye mhariri wetu. Unampa kadi, unamwambia "niwekee benga na ohangla kidogo", unalipa, unaondoka. Simdharau hata kidogo. Alijua wateja wake, alichagua vizuri, na kadi yake ndiyo iliyokuwa CD ya vionjo ya Macalder. Ila ilikuwa imekosa ile karatasi.

Na haikuwa shida ya nafasi. Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu wa ID3 wa kuweka majina ndani ya faili ya MP3. Toleo lake la kwanza ni baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na kadhalika. Katika faili ya megabaiti 5, hiyo si hata sehemu moja kwa elfu thelathini. Nafasi ilikuwepo, ikakosa wa kuijaza. Mimi mwenyewe nimekuta faili ambazo mahali pa msanii pameandikwa namba ya simu ya kibanda! Mwenye kibanda alijua thamani ya jina, akaweka lake.

Msione ni jambo dogo. Mirabaha hulipwa kwa jina. Stesheni ya redio ikipiga wimbo uliotoka kwenye faili iitwayo Track 07, ripoti yake itaandika nini? Mjane wa mpiga gitaa wa mwaka 1974 atadai kwa ushahidi upi? Mtoto wake atasikia gitaa la baba yake kwenye matatu na hakuna atakayeweza kumwambia "huyo ni baba yako". Wizi wa kaseti ulimnyima mwanamuziki pesa. Faili isiyo na jina ilimnyima pesa na sifa kwa pamoja.

Ukitaka kuona njia nyingine ingekuwaje, tazama kazi ya Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa. Mwaka 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm: CD, DVD na kijitabu cha historia pamoja. Ni kionjo kamili, na kijitabu ndicho kilichobeba majina. Waliwafuata wanamuziki wazee na kuwauliza wakiwa bado hai wa kujibu.

Leo tunayo YouTube, na Spotify ilifika Kenya mwaka 2021. Wengine watasema tatizo limekwisha. Kwa muziki mpya, karibu limekwisha. Lakini nyimbo nyingi za zamani zilizopandishwa mtandaoni zimetoka kwenye memori kadi hizohizo, na aliyezipandisha ameweka jina alilokisia. Mashine inakubali chochote unachoiambia, kisha inakirudia mbele ya watu milioni.

Basi kazi ipo, na haihitaji ufadhili. Tafuta faili za mzee wako. Pakua Mp3tag ya Windows au MusicBrainz Picard, zote za bure. Keti naye jioni, mpigie wimbo mmoja mmoja, muulize: anayeimba nani, bendi ipi, gitaa la solo kapiga nani, mwaka gani? Andika kwenye faili, na asilolijua liache wazi, usikisie. Kama nyumbani mna santuri au jalada la kaseti, lipige picha kabla mchwa hawajalimaliza. Ukiweza, yaweke majina hayo MusicBrainz ili mwingine asianze upya.

Anzeni na wimbo mmoja wiki hii. Wazee wanaojua majina hayo wanazidi kupungua, na hakuna seva ya kuuliza baada yao.