Mbia wa Salem Aliyekaa Forodhani

Katika miaka ya 1830, meli ya Salem, Massachusetts, ilipotia nanga Unguja na marobota ya merikani, nguo za pamba za Kimarekani, nahodha hakuwa na pa kuanzia ila forodhani. Hapo alikuwepo Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia mwenye asili ya Kutch, India, aliyemlipa Seyyid Said, mtawala wa Unguja, kiasi maalumu kila mwaka na ushuru uliozidi akautia mfukoni mwake. Mashua za kushushia shehena na mahamali wa kuibeba walikuwa chini yake pia. Mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 na kuwaruhusu Wamarekani kuuza na kununua watakapo, lakini mkataba haubebi robota. Richard Waters, aliyefika 1837 kuwa konseli wa kwanza wa Marekani, alilielewa hilo upesi. Hakuishi kwa mshahara wa serikali. Riziki yake ilikuwa biashara. Akashikana na Jairam: Waters akaleta nguo na fedha, Jairam akatoa pembe za ndovu na sandarusi, na faida wakagawana.

Wapo wanaosema uti wa mgongo wa biashara ya Salem ulikuwa ukoo. Kwao Marekani, sikatai. Meli ilimilikiwa kwa mafungu ili ikizama asifilisike mtu mmoja, na mafungu hayo mara nyingi yaliangukia ndugu na mashemeji, kwa kuwa katika ubia wa kawaida deni la mbia mmoja liliweza kuwafikia wote. Ila shemeji aliyeko Salem hakuweza kumkopesha mfanyabiashara wa Unguja akingoja msafara urudi kutoka bara, wala kujua bei ya pembe ya wiki ile. Barua ilikaa miezi baharini. Kwa kazi hiyo alihitajika mwenyeji wa soko, hata kama hakuwa wa damu wala wa dini yao. Na Waters alikuwa Mkristo mshika dini kwelikweli.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mpango wa Waters na Jairam haukuwa ubia bali hila ya kuwafungia wengine mlango. Wafanyabiashara Waingereza walilalamika hivyo, na Wamarekani wasiokuwa wa kundi la Waters pia. Walikuwa na haki: mgeni asiyepatana na Jairam alihangaika kutafuta mahamali. Lakini malalamiko yao yenyewe yanaonyesha mwenye nguvu alikuwa nani. Katikati ya miaka ya 1840 Waters alirudi kwao. Nyumba ya Jairam ikaendelea kuikodi forodha, na meli za Salem zikaendelea kuja.