Uchaji wa mashine za ujenzi za umeme

Uchaji wa mashine za ujenzi za umeme ni kazi ya kujaza umeme katika betri za mashine zinazotumika kwenye eneo la ujenzi, kwa mfano vijiko vidogo vya kuchimbia misingi. Mashine hizo hazitoi moshi na kelele zake ni ndogo, hivyo zinafaa mijini, karibu na shule na hospitali. Mjini Oslo, Norwe, ukarabati wa mtaa wa Olav Vs gate ulianza kufanywa kwa mashine za umeme mwaka 2019.

Muda wa kuchaji

Muda hutegemea ukubwa wa betri na nguvu ya umeme uliopo. Kijiko cha Volvo ECR25 Electric kina betri ya takriban kWh 20. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 hutoa takriban kW 3, hivyo betri hiyo huhitaji zaidi ya saa 6. Laini ya fezi tatu yenye ampea 32 kwa volti 400 inaweza kutoa kW 22, na kazi hiyo ikaisha kwa saa moja hivi, mradi chaja iweze kupokea umeme huo.

Hali ya Kagera

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya taifa ya Tanzania. Miji ya Bukoba na Muleba ilitegemea umeme ulionunuliwa Uganda, uliopita Masaka hadi kituo cha Kyaka, kisha kusambazwa na TANESCO. Kituo cha Rusumo kwenye mto Kagera kina megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Laini ikiwa ndefu, volti hushuka mwishoni mwake, hasa jioni watu wanapopika na kuwasha taa. Kwa hiyo ni afadhali kuchaji usiku wa manane. Jenereta ya dizeli inasaidia umeme ukikatika, lakini inarudisha moshi na kelele zilizokusudiwa kuepukwa.

Usalama

Bukoba hupata mvua nyingi na radi. Chaja inapaswa kuwekwa chini ya paa, juu ya sakafu isiyotuama maji, iwe na waya wa ardhi pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja. Nyaya zisipite mahali magari yanapopita.