Grendizer na Kiarabu Fasaha
Mchezo wa katuni uitwao Grendizer ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1975, nao una vipindi 74. Mwaka 1978 Wafaransa waliutia sauti za lugha yao, wakauita Goldorak. Waitalia wakauita Goldrake. Kwao wote, shujaa Duke Fleed alipewa jina Actarus. Baadaye, huko Lebanon, ulitiwa Kiarabu fasaha, si lahaja ya Beirut. Hivyo watoto wa Iraki na Kuweiti, wenye lahaja mbalimbali nyumbani, waliufuata kwa lugha moja.

Sisi walimu wa Kiswahili na tulizingatie jambo hili. Mtoto huiga anachopenda kukisikia kabla ya tunachomwandikia ubaoni. Katuni zikimfikia kwa lugha ya ovyo, darasani tutakuwa tunatwanga maji kinuni.