Kwa Nini Bado Naendesha Gari la Marehemu Baba

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Katika mkutano wetu uliopita magari yenu yalipangwa mstari mbele ya bwalo, yakimeta. Mimi niliegesha Land Rover la marehemu baba mbali kidogo, chini ya mlingoti, kwa sababu linavuja oili. Mmoja wetu aliuliza kwa sauti kama serikali imeacha kutulipa mishahara. Tulicheka wote. Lakini baadaye kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akitupangia viti alinijia akasema, "Shikamoo mzee. Hili gari linatembea, au mmelileta kwa maonyesho?" Nilimjibu kwa mzaha, na tangu siku ile dhamiri imekuwa ikinisuta. Makala haya ni jibu langu kwake.

Linatembea kila siku. Linanitoa nyumbani Uyole asubuhi na kunifikisha ofisini mjini, na Jumamosi hubeba mbolea, viazi na jamaa wa msibani. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapouma, navuta choki, nasubiri, nampa stata. Likikataa nachukua hendeli. Majirani wameshaizoea sauti hiyo kama wanavyozoea jogoo.

Gari lenyewe ni 109, yaani kuna inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ni la toleo la tatu, lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. La baba ni la mwaka 1975. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilitolewa kwa mgawo, ndipo watengenezaji wakaamua kulivika gari bodi ya aloi ya alumini. Ndiyo maana bodi ya gari letu haijaliwa na kutu baada ya mvua zote hizi, ingawa fremu iliyo chini yake imeungwa mara nne. Kwa hiyo gari hili, tangu asili yake, ni mtoto wa uhaba. Nawaomba mlikumbuke neno hilo.

Sasa tuitazame barabara. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia kusini, ikajikuta imebanwa. Njia iliyobaki ilikuwa ya kwetu: kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, hadi Tunduma mpakani, ambako tangu mwaka 2016 kumekuwa Mkoa wa Songwe. Sehemu kubwa ilikuwa barabara ya udongo. Malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, masika yakizama kwenye matope na kiangazi yakipotea katika vumbi, na madereva wa Kizungu wakaipachika jina la Njia ya Jehanamu. Mengi ya malori hayo yalikuwa Fiat. Ukishuka leo kwenye daladala pale Mafiati, katikati ya jiji letu, unatamka kumbukumbu hiyo bila kujua. Wazee husimulia kuwa pale ndipo Fiat zilipokuwa zikiegeshwa, na jina lenyewe linajieleza.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, lilifunguliwa mwaka 1968. Lami ya barabara kuu ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Tuliosoma historia tunayajua hayo. Ambalo halimo vitabuni ni kwamba malori yale yalituachia mafundi. Lori likikatika springi Igawa au Mbalizi, halikungoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Lilitengenezwa palepale na vijana wa palepale, na waliokwisha kufungua injini moja wakawafundisha wenzao.

Elimu hiyo ilihitajika mapema kuliko walivyodhani. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita vikatugharimu hadi mwaka uliofuata, huku bei ya mafuta ikipaa tena. Fedha za kigeni zilikauka na vipuri vikaadimika. Kulikuwa na kipindi ambacho magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Baba alinisimulia jinsi mafundi walivyokata gasketi kwa kadibodi ya maboksi, walivyoviringisha upya nyaya za dainamo, na walivyotoa springi ya lori lililokufa ili kulifufua lililo hai. Kilichobaki kilikwenda kwa mhunzi, kikawa jembe au panga. Hakuna chuma kilichotupwa.

Baba, aliyekuwa bwana shamba, alilinunua gari hili mwaka 1986 katika mnada wa mali chakavu za serikali. Lilikuwa limefutwa kwenye daftari. Lilivutwa na trekta hadi nyumbani, na mama hakusema naye siku mbili. Baada ya miezi mitano liliwaka. Ndilo lililonileta shuleni na tranka langu la chuma nilipoanza kidato cha kwanza, na wengine wenu mlipanda nyuma likizo zilipofika, mkaimba hadi Igawilo.

Hapa sina budi kukiri jambo. Nilipokuwa afisa kijana niliteuliwa kuwa katibu wa kamati ya kukagua magari mabovu katika ofisi niliyofanyia kazi. Tulikuta magari uani, majani yamepenya sakafuni. Moja lilikosa pampu ya maji na betri tu. Lakini kuomba kipuri kulihitaji barua nyingi kuliko kuomba gari jipya, nasi tulikuwa na haraka. Niliandika kwa mkono wangu: "Halifai kutengenezwa." Nikatia sahihi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikiendesha gari ambalo kamati nyingine kama yetu ililitangaza maiti kabla sijaanza darasa la kwanza. Sijapata kuisahau safari ile.

Sisemi kwamba uhaba ulikuwa mwema. Waliopanga foleni ya sukari na sabuni wanajua. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, wengi walipumua. Na magari yaliyotumika ya Kijapani yalipofurika miaka ya 1990, hata mwalimu aliweza kuota kumiliki gari. Wala sitaki mtu adanganyike kuhusu Land Rover langu. Linakunywa petroli: lita moja halifiki nayo kilometa saba. Likizidi mwendo wa 80 hatusikiani. Mvua huingia kwa mlango wa kushoto. Gari la kisasa humlinda abiria kwa namna ambayo hili haliwezi, na mke wangu ananikumbusha kila mara.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nikitoka Chunya, nikiwa na mama mzazi mbele. Tulipoanza kuteremka Kawetere kuelekea mjini, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni. Nikakumbuka kanuni ya baba: "Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia." Nilikuwa tayari kwenye gia ya pili. Nikaingiza ya kwanza, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, tukasimama kando, jiwe likatiwa chini ya gurudumu. Mama aliuliza kama tumefika.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi utotoni kwa kuwashikia spana madereva wa malori, alifungua mtambo wa breki akatoa kipira kilichochanika. Kilikuwa kipira cha bandia nilichokinunua kwa bei rahisi, naye alikuwa amenikataza. Akakiweka kiganjani mwangu. "Gari halikukuangusha," alisema. "Wewe ndiye uliyeliangusha."

Maneno hayo ndiyo kiini cha jibu langu. Tunasema magari ya zamani yalikuwa imara. La hasha! Yalikuwa yanafungukika, na palikuwa na mtu wa kuyafungua. Gari hili halikuishi miaka yote hii kwa nguvu zake. Limeishi kwa sababu kila lilipoanza kufa, kulikuwa na fundi aliyeona aibu kuliacha life.

Na fundi huyo sasa haoni vizuri. Anasikiliza injini kwa kuegemeza bisibisi sikioni, na bado hakosei. Nimeanza kuandika daftari la anayoniambia: upana wa nafasi ya plagi, dalili za klachi inayochoka, mlio wa beringi kabla haijavunjika. Alipoliona alicheka. "Daftari halina masikio," akasema. Vijana wa gereji za mjini ni hodari, wanapima hitilafu kwa kompyuta nami nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja aliyeketi naye.

Ndiyo maana naleta hoja kwa chama chetu, nayo si ya fedha nyingi. Kila mwaka tunachangia rangi na madawati. Mwaka ujao tuchangie Jumamosi mbili kila muhula: nauli ya mzee, posho yake na chakula cha mchana, aje awafundishe wadogo zetu kufungua na kufunga. Gari la kujifunzia nitalitoa mimi. Wakilifunga vibaya tutalisukuma, kama tulivyozoea.

Na wewe kijana wa kidato cha tatu, kama bado upo shuleni: linatembea. Njoo na nguo chakavu, maana linavuja oili.