Mkulima wa Karanga na Sanduku la Georgetown

Kura ni amana. Anayeipiga huikabidhi mikononi mwa watu asiowajua, kisha hurejea nyumbani hana hati wala shahidi. Kwa hiyo historia ya uwakilishi, popote iandikwapo, haina budi kuuliza amana hiyo ilihifadhiwa na nani na ilifanyiwa hiana na nani. Habari za Jimmy Carter, aliyefariki dunia tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100, aghalabu husimuliwa kuanzia Ikulu ya Marekani. Mzizi wake lakini umo katika kimji cha Georgetown, magharibi ya jimbo la Georgia, ndani ya boksi lililotobolewa tundu juu likaitwa sanduku la kura.

Carter alizaliwa Plains tarehe 1 Oktoba 1924, akakulia shambani Archery, kitongoji ambacho wengi wa wakaazi wake walikuwa Weusi. Baba yake, Earl, alilima pamba na karanga, na mwaka 1952 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Georgia. Hakukikalia kiti kile hata mwaka mmoja. Maradhi ya saratani yalimuondoa Julai 1953. Mwanawe wakati huo alikuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji, akitumikia mradi wa nyambizi za nyuklia. Aliiacha kazi hiyo, kinyume cha matakwa ya mkewe Rosalynn, akarudi kulima. Mwaka 1954 mvua zilikatika, na faida yake ya mwaka mzima haikufika dola 300. Familia iliishi katika nyumba za serikali walizopangishiwa watu wa kipato kidogo.

Ghala lake la mbegu na karanga lilikua polepole, naye akaingia katika bodi ya shule za wilaya ya Sumter. Huko ndiko alikokutana na suala lililokuwa likiwaka Kusini kote: je, watoto Weusi na Wazungu wasome pamoja? Alipokataa kujiunga na jumuiya ya Wazungu waliopinga jambo hilo, baadhi ya wateja walilisusia ghala lake. Hakujiunga, ila pia hakutoka hadharani kuipinga jumuiya ile. Hali hizo mbili zilifuatana naye kwa miaka mingi.

Siasa ya Georgia wakati huo ilitawaliwa na hesabu ya ajabu. Katika chaguzi za mchujo za chama cha Democratic, chama pekee kilichokuwa na nguvu, mshindi hakupatikana kwa wingi wa kura za watu bali kwa kura za wilaya. Wilaya 8 kubwa zilipewa kura 6 kila moja, wilaya 30 zilizofuatia kura 4, na zilizosalia, 121, kura 2. Kwa sensa ya mwaka 1960, Fulton, yenye sehemu kubwa ya mji wa Atlanta, ilikuwa na watu 556,326. Echols ilikuwa na watu 1,876. Hivyo kura moja ya wilaya ilisimamia watu 938 kule Echols, na watu 92,721 kule Fulton. Mwenye kuzishika wilaya ndogo alilishika jimbo, na wilaya ndogo zilishikwa na wakubwa wachache waliojuana.

Mwaka 1962 jengo hilo lilianza kubomoka. Mwezi Machi, katika kesi ya Baker dhidi ya Carr iliyotoka Tennessee, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zinaweza kusikiliza malalamiko juu ya mgawanyo wa viti vya mabunge. Georgia ikalazimika kuyachora upya maeneo ya Seneti yake kwa kufuata idadi ya watu. Tarehe 1 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 38, Carter aliacha nguo zake za ghalani, akavaa suruali ya Jumapili. Mkewe alipomuuliza aendako, alimjibu kwamba anakwenda Americus kutangaza kuwa atagombea useneta. Uchaguzi wa mchujo ulikuwa umebaki siku 15 tu.

Mpinzani wake alikuwa Homer Moore, mfanyabiashara wa wilaya ya Stewart. Tarehe 16 Oktoba taarifa mbaya zilitoka Georgetown, makao ya wilaya ya Quitman. Kituturi hakikuwepo, watu walipiga kura juu ya meza ndefu, mbele ya Joe Hurst, bwana mkubwa wa siasa wa wilaya ile, aliyewaelekeza wamchague Moore. Rafiki wa Carter aliyekuwa akiangalia mambo pale alilalamika, asisikilizwe. Jioni, kituo kilichohudhuriwa na wapiga kura 333 kilitoa kura 420. Katika daftari, watu 117 walionekana wamejipanga mstari na kupiga kura kwa mfuatano wa alifabeti, na miongoni mwao walikuwamo waliohama, waliofungwa na waliokufa. Carter, aliyekuwa mbele katika wilaya nyingine, alishindwa.

Wengi walimshauri anyamaze. Yeye alimtafuta mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, John Pennington, aliyeitangaza kashfa ile, na wakili Charles Kirbo, mtu wa maneno ya taratibu. Sanduku lilipofunguliwa mbele ya jaji, ndani yake kilikutwa kitita cha karatasi za kura zilizokunjwa pamoja. Kura za Georgetown zikatupwa. Ubishi uliendelea hadi mkesha wa uchaguzi mkuu wa Novemba, naye akashinda kwa zaidi ya kura 800. Januari 1963 aliapishwa kuwa seneta.

Kazi yake ndani ya Seneti haikuwa ya kishindo. Aliahidi kusoma kila mswada kabla ya kuupigia kura. Ikambidi ajifunze kusoma kwa kasi. Alikisaidia chuo cha Americus kupanda daraja na kutoa shahada. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba, sheria za uchaguzi zilipojadiliwa, seneta mmoja alipendekeza kwa mzaha kwamba mtu aliyekufa zaidi ya miaka mitatu asiruhusiwe kupiga kura. Watu walicheka, maana waliyajua makaburi yao.

Hotuba yake ya kwanza, hata hivyo, haikuwa mzaha. Aliyapinga yale maswali 30 waliyoulizwa watu Weusi walipotaka kujiandikisha kupiga kura, maswali ambayo hata wanasheria wangeyashindwa. Na hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Terrell ilikuwa mojawapo ya wilaya saba za eneo lake. Weusi walikuwa wengi huko kuliko Wazungu, lakini waliokuwamo daftarini walihesabika kwa makumi. Septemba 1962, mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi ule, makanisa mawili yaliyohusishwa na harakati za kuwaandikisha yalichomwa moto usiku. Kwa hiyo Carter aliibiwa kura mamia, ilhali maelfu ya majirani zake walinyang'anywa kura kabla hawajaipata. Wao hawakuwa na sanduku la kufunguliwa mbele ya jaji. Weusi wa Americus walipoandamana na kutiwa jela mwaka 1963, seneta wao hakusikika. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965 ililetwa na waliopigwa barabarani, si na maseneta wa Georgia.

Carter alishindwa ugavana mwaka 1966, akashinda mwaka 1970 baada ya kuwabembeleza wapinzani wa usawa, na siku ya kuapishwa kwake, Januari 1971, akawashangaza kwa kutamka kwamba zama za ubaguzi wa rangi zimekwisha. Urais ulifuata, kuanzia 1977 hadi 1981. Baada yake taasisi aliyoiasisi ilisimamia masanduku ya wengine: Panama mwaka 1989, ambako aliuita wizi kwa jina lake, kisha nchi nyingi, ikiwemo Kenya mwaka 2002.

Mwaka 1995 alitoa diwani ya mashairi aliyoiita "Always a Reckoning", yaani "Daima Kuna Hesabu". Jina hilo lamfaa mkulima, nalo lamfaa mtu wa Georgetown. Hesabu ya kura zake ilisahihishwa kwa wiki chache. Hesabu ya wale wasioandikwa daftarini ilichukua miaka, na yeye alikuwa miongoni mwa wadaiwa.