Theluji ya Rwenzori na Njia ya Rusubi

Nyakahura, kando ya barabara itokayo Biharamulo kwenda Ngara, haikupata kuwa na theluji, lakini nchi iliyoizunguka, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiita Usui na wenyeji Rusubi, ilipitiwa na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, kwenda Karagwe, ambako habari za milima mirefu ya magharibi zilisikika. Mvumbuzi Mwingereza Speke alipita Usui mwaka 1861, na alipoviona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, yaani Virunga, akiwa Karagwe, nchi ya mfalme Rumanika, alidhani ndiyo Milima ya Mwezi waliyoitaja wanajiografia wa kale.

Milima ya Rwenzori, iliyo mbali zaidi na iliyofunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka, ilichelewa kufahamika kwa wageni hadi mwaka 1888; tarehe 24 Mei kijana mmoja alimwonyesha msafiri Stanley mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi. Neno hilo halikuwa la ujinga, kwa maana asiyewahi kushika barafu huufananisha weupe na kitu akijuacho, kama vile miaka 40 kabla yake kiongozi wa njia wa mmisionari Rebmann, alipoulizwa kuhusu weupe wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alivyojibu kuwa ni baridi. Mwaka 1889 wapagazi wa Stanley, wengi wao Wazanzibari, waliitazama theluji hiyo kwa macho yao, kisha wakashuka kupitia Karagwe kuelekea kusini mwa Ziwa Victoria.

Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alivipanda vilele vikuu vya Rwenzori pamoja na mpigapicha Vittorio Sella, na wakati huo barafuto, yaani barafu nene inayosogea polepole kwa uzito wake, zilikuwa 43 juu ya milima sita, zikienea karibu kilometa za mraba 6.5. Kufikia mwaka 2003 ilibaki pungufu ya kilometa moja ya mraba, na milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ikabaki miamba mitupu. Mwenendo wa kuyeyuka huko ni uleule wa ncha za dunia: hewa ikipata joto, weupe uliokuwa ukiurudisha mwanga wa jua angani hupungua, mwamba mweusi unaojitokeza, au bahari kule Aktiki, hulifyonza joto, na barafu iliyo jirani huzidi kuyeyuka.

Hofu kwamba mito itokayo Rwenzori itakauka imetiwa chumvi, kwani vipimo vya mto Mubuku vilionyesha kwamba maji ya barafu hayafikii asilimia 2 ya maji yake, mengine yote yakitoka kwenye mvua na vinamasi. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya Wakonzo, wakazi wa milima hiyo, ambao kwa imani yao mungu Kitasamba hukaa katika theluji hiyo, na ambao sasa wanaona makao hayo yakipungua mwaka hata mwaka, huku picha za Sella zikibaki kuonyesha mahali kingo za barafu zilipofikia.